Jinsi ya Kuisoma Akche ya Krimea: Baba Kwanza, Mwaka Baadaye

Wengi wanaoipata akche yao ya kwanza ya Krimea hukimbilia kutafuta mwaka. Sababu inajulikana. Tarakimu za Kiarabu tumezizoea tangu chuoni, na zinaonekana rahisi kuliko maneno yaliyobanana juu ya kipande cha fedha chenye upana wa milimita 10 hadi 14. Lakini kwenye sarafu hizi mwaka ndio unaodanganya kuliko kitu kingine. Anza na alama ya ukoo, nenda kwenye jina la khani, halafu jina la baba yake. Mwaka uje mwisho, kama shahidi tu.

Kwa ufupi, ili tujue tunashika nini: Ukhani wa Krimea ulikuwa dola ya Watatari Waislamu kwenye rasi iliyo kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Ulianza karibu mwaka 1441 chini ya Hacı Giray, ukaingia chini ya himaya ya Waosmani mwaka 1475, na Urusi ikaumeza mwaka 1783. Kwa muda wote huo waliotawala ni ukoo mmoja, akina Giray, na fedha zao ndogo ziliitwa akche, kama zile za Istanbul. Ukoo mmoja maana yake majina yanajirudia. Mehmed Giray wako wanne, Islam Giray watatu, na wako waliong'olewa na sultani wa Istanbul kisha wakarudishwa tena. Selim Giray wa kwanza alikalia kiti mara nne. Basi ukiambiwa "hii ni ya Selim Giray" hujaambiwa kitu.

Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta lenzi ya kukuzia mara kumi kama ya sonara, mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, rula yenye milimita, taa ya mezani unayoweza kuisogeza, na simu yenye kamera nzuri. Tandika kitambaa cheusi mezani. Akche ikianguka kwenye sakafu ya vigae utaitafuta mpaka usiku, na ikikunjika haikunjuki, itavunjika. Fedha ya kale iliyolala ardhini inakuwa kavu.

Hatua ya kwanza: pima, halafu piga picha

Akche nyingi za Krimea hazifiki gramu moja. Za karne ya 17 mara nyingi hazifiki hata nusu gramu. Andika uzito kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu kila usafishaji unapunguza kidogo, na kwenye sarafu ya namna hii kidogo ni kingi.

Picha zipigwe na mwanga ukitoka ubavuni, karibu na usawa wa meza, si juu. Mwanga wa juu unazifuta herufi zilizolika, wa ubavuni unazitupia kivuli zikasimama. Izungushe taa, siyo sarafu, na piga picha nne au tano kwa kila upande. Mstari ambao haukuonekana taa ikiwa kushoto unaweza kujitokeza taa ikihamia chini. Baada ya hapo fanyia kazi picha, sarafu irudi kwenye bahasha.

Kabla ya kusoma, jua ilivyotengenezwa, maana nusu ya matatizo yako inatoka hapo. Fundi alikuwa na chapa mbili za chuma zilizochongwa maneno kinyume. Moja ilikitwa chini, imara, ya pili aliishika mkononi. Kipande cha fedha kikawekwa katikati, nyundo ikashuka. Hakuna kilichowekwa kulinganisha pande mbili, kwa hiyo upande wa nyuma unaweza kuwa umegeuka vyovyote ukilinganisha na wa mbele. Kipande chenyewe aghalabu kilikuwa kidogo kuliko chapa, basi sehemu ya maneno iliangukia hewani, nje ya fedha. Na nyundo ikiruka ikapiga tena, maneno yanajirudia yakiwa yamesogea upana wa unywele, na msomaji anadhani kaona herufi mpya. Ukikuta neno lenye michirizi mingi mno ya kusimama, shuku pigo la pili kabla hujaanza kubuni jina.

Hatua ya pili: tafuta tamga uielekeze juu

Tamga ni alama ya ukoo, na ya akina Giray ni umbo la chanuo lenye meno matatu yanayotazama chini. Watatari wa Krimea wanaitumia mpaka leo: ndiyo ile ya rangi ya manjano kwenye bendera yao ya buluu. Kwenye akche imekaa upande wenye jina la mji, mara katikati, mara imebanwa pembeni mwa maneno. Ikishapatikana, izungushe picha mpaka meno yaelekee chini. Sasa una juu na chini, na sasa ndipo unaweza kusoma upande huo. Watu wanapoteza jioni nzima wakisoma sarafu iliyopinduka.

Tamga isipoonekana kabisa, usikate tamaa haraka, huenda imeangukia nje. Lakini ikiwa upande wote unasomeka na tamga haipo, rudi nyuma ujiulize kama hii ni akche ya Krimea kweli. Nitalirudia hili chini.

Hatua ya tatu: jina la khani na la baba yake

Hapa ndipo pa kukaa. Upande wa pili mara nyingi una maneno ya mtindo huu: *fulani Giray Khan bin fulani Giray Khan*. Mtu yeyote wa pwani yetu anaujua mpangilio huo, ndivyo tunavyotajana. Za mwanzo, za akina Mengli Giray, unaweza kukuta na neno sultan limetangulia. Usilichanganye na sultani wa Istanbul. Inasemwa kwamba tangu enzi za Islam Giray wa pili jina la sultani wa Kiosmani lilitangulizwa kwenye hotuba ya Ijumaa huko Krimea. Kwenye sarafu halikuingia. Hotuba walitoa, sarafu hawakutoa, na mimi naona hapo palikuwa na hesabu ya kisiasa ya makusudi, maana vitu hivyo viwili, hotuba na sarafu, ndivyo vilivyokuwa alama za mtawala wa Kiislamu.

Usianze na jina. Anza na neno Giray, كراي, kwa kuwa liko mara mbili na lina kaf inayoonekana kwa mbali: mkono wake wa juu umevutwa, umelala kama paa juu ya herufi nyingine. Tafuta mapaa mawili. Ukiyapata, jina la khani liko kuliani mwa moja, na la baba kuliani mwa lingine, au limepandishwa juu yake pale fundi alipokosa nafasi. Khan, خان, ni nafuu: alif moja imesimama, nun imejikunja mwishoni. Bin ni kijineno kidogo sana na mara nyingi kimebanwa mahali ambapo hukitegemei. Ukiwa na mapaa mawili na makhan mawili, bin itakuwa katikati yao hata kama huioni.

Nukta zisikutie wasiwasi. Fundi aliziweka alipotaka. Soma mifupa ya neno.

Sasa mfano. Chukua akche ya kawaida kabisa sokoni, ya Islam Giray wa tatu, aliyetawala 1644 hadi 1654, yule aliyeungana na Makozaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, chini ya Bohdan Khmelnytsky mwaka 1648. Baba yake ni Selamet Giray. Andika majina hayo mawili kwenye karatasi: اسلام na سلامت. Katikati yote mawili yana sin, lam, alif na mim kwa mfuatano uleule. Kwenye sarafu iliyolika, yakiwa moja juu ya lingine, yanafanana mno, na wengi husoma jina moja mara mbili. Tofauti iko kwenye ncha. Islam inaanza na alif iliyosimama peke yake, haijaungana na kitu, na mim ndiyo mwisho. Selamet inaanza na meno ya sin moja kwa moja, na baada ya mim kuna mkia wa ta unaoelekea kushoto. Basi tazama ncha ya kulia na ncha ya kushoto, achana na katikati.

Ukishakuwa na jina na baba, sarafu karibu imekwisha kujitaja. Islam bin Devlet ni wa pili, alipanda 1584. Islam bin Selamet ni wa tatu. Mehmed bin Mengli ni wa kwanza, 1515. Mehmed bin Devlet ni wa pili, 1577. Mehmed bin Saadet ni wa tatu, 1623. Mehmed bin Selamet ni wa nne, 1641, akaondolewa 1644, akarudi 1654. Gazi bin Devlet ndiye Gazi Giray aliyeanza kutawala 1588 na kufahamika pia kama mshairi. Canibek na Murad wote ni bin Mübarek, ila mmoja ni wa 1610 na mwingine wa 1678. Selim wa kwanza ni bin Bahadır. Ukipata jina la baba tu huku jina la mwana limeangukia nje, bado umepunguza orodha mpaka watu wachache.

Kama macho bado hayajazoea maandishi yaliyobanana hivi, jifunzie kwenye sarafu za kwetu kwanza. Picha za zile za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zaidi ya 2,000, au za shaba za Ali bin al-Hasan wa Kilwa, zina ugumu uleule: maneno mengi, nafasi finyu, na bin ya kutafutwa.

Hatua ya nne: mji

Rudi upande wenye tamga. Utaona *duriba fi*, yaani imepigwa huko, kisha jina la mji. Sarafu za karne ya 17 zinazouzwa kwa wingi zimetoka Bakhchysarai, باغچه سراي, mji mkuu uliojengwa na Sahib Giray karibu mwaka 1532. Ni neno refu lililokatwa vipande viwili, kimoja juu, kingine chini, na sehemu ya pili, *saray*, ndiyo inayosomeka mara nyingi. Za mwanzo tafuta Qırq Yer, ngome ya mlimani jirani na hapo, au Qırım, mji unaoitwa leo Staryi Krym. Ukikuta Gözleve, mji wa bandari wa magharibi, uko kwenye enzi za Gazi Giray au karibu nazo.

Hatua ya tano: mwaka, na kwa nini unadanganya

Mwaka ulioandikwa ni wa Hijria, na kwa desturi iliyofuata ile ya Waosmani, ni mwaka ambao khani alikalia kiti, siyo mwaka ambao sarafu ilipigwa. Akche ya Islam Giray wa tatu yenye 1054 inaweza kuwa imepigwa 1644 au 1653. Tarakimu ni zilezile. Kwa hiyo usiandike kwenye kadi yako "imepigwa 1644". Andika miaka ya utawala.

Faida yake ni kwamba khani aliyerudi kitini alipata mwaka mpya. Mehmed wa nne alipanda 1051 na akarudi 1064. Canibek 1019, kisha 1037. Hapo mwaka unafanya kazi ambayo jina na baba haviwezi.

Kugeuza Hijria kuwa Miladia: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1054 unakupa 1644 na ushei. Jaribu kwenye pesa ya shaba ya Sayyid Barghash yenye 1299, ambayo bado iko kwenye makabati mengi Unguja: inatoka 1882. Hesabu hii inaweza kupotea kwa mwaka mmoja, na kwa kazi hii yatosha.

Mitego ya tarakimu ni michache lakini haina huruma. Sifuri ni nukta, na nukta ndiyo ya kwanza kulika, hivyo 1054 inabaki kama 154. Tano ni kiduara, na wageni huisoma sifuri. Halafu kuna mtego ninaoupenda: 992 na 996. Mbili, ٢, na sita, ٦, zikilika kichwani zinabaki mguu mmoja tu. Mwaka 992 ni wa Islam Giray, 996 ni wa ndugu yake Gazi, na wote wawili ni bin Devlet. Baba hatakusaidia, mwaka hautakusaidia. Rudi kwenye jina: غازي inaanza na ghayn yenye kichwa kilichofunguka, haina lam-alif yoyote. Dakika mbili chini ya taa na jibu linapatikana.

Zinazofanana nazo

Akche za Kiosmani ni za ukubwa huohuo na lugha ni ileile, lakini hazina tamga ya chanuo, na zina jina la sultani na dua ya ushindi wake, *azza nasruhu*. Kabla ya 1475 kulikuwa na vifedha vya Waitalia wa Genoa walioishikilia Kefe, mji wa bandari wa Krimea, vyenye tamga upande mmoja na lango la ngome likizungukwa na herufi za Kilatini upande wa pili. Vinauzwa kama vya Krimea, na ni kweli vimetoka Krimea, ila si vya khani peke yake. Za tatu ni kopeki za Kirusi, zilizopigwa kwenye vipande vya waya uliobondwa: zimekaa kama yai, zina mpanda farasi na upande wa pili herufi za Kisirili. Hizo hazihitaji hata lenzi.

Ukikutana na sarafu kubwa ya shaba, ya duara safi, yenye jina la Shahin Giray na 1191, hiyo ni ya mwisho wa dola, 1777 hadi 1783, na ilipigwa kwa mashine za kisasa za wakati huo. Nzuri, lakini mwongozo huu hauihusu.

Kusafisha, au tuseme kutosafisha

Katika karne ya 17 fedha ilipunguzwa na shaba ikaongezwa, mpaka nyingine ni nyekundu chini ya ngozi nyembamba ya fedha. Ndimu, siki, majivu, dawa ya meno, magadi na karatasi ya alumini, vyote vinaondoa ngozi hiyo pamoja na herufi. Sonara wa mtaani naye usimpe; yeye kazi yake ni kung'arisha, na akche iliyong'arishwa haiuziki kwa mtu anayejua. Udongo ukikuzuia kusoma, iloweke usiku mmoja kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke. Yale yanayouzwa kama maji ya betri yanafaa kwa sharti moja: hakikisha si asidi, kwa maana madukani vyote viwili vinaitwa hivyo. Kisha sukuma udongo uliolainika kwa kijiti cha meno, ukitazama kwenye lenzi, ukifuata mkondo wa herufi. Kama hausogei, uache. Kutu ya kijani iliyo ngumu na nyororo ukiigusa haidhuru. Ile ya unga inayochafua kidole ndiyo ya kuitenga na sarafu nyingine.

Ukinunua

Muulize muuzaji ilitoka wapi na tangu lini. Urusi imeikalia Krimea tangu 2014, na vitu vya kale vya rasi hiyo vina kesi nzito: hazina za makumbusho ya Krimea zilizokuwa kwenye maonyesho Amsterdam mwaka huo zilikaa Uholanzi mpaka mahakama ya juu ilipoamua mwaka 2023 ziende Ukraine. Kisarafu chako hakifikii kesi hiyo, lakini fungu la akche lenye udongo mbichi na muuzaji asiye na maelezo ni la kuachana nalo. Zile zilizotoka kwenye mikusanyo ya zamani zenye karatasi zipo za kutosha.

Za bandia nyingi ni za kumimina kwenye kalibu. Tazama ukingo: mshono unaouzunguka, au vishimo vya mapovu kwenye uwanda. Dalili kubwa ni mapacha. Kwa kuwa kila pigo la nyundo ni tofauti, sarafu mbili zenye ufa uleule na ukingo uliokatika mahali palepale haziwezi kuwa zote za kweli. Kabla ya kulipa, tazama picha nyingine za muuzaji huyohuyo.

Tundu lisikutishe. Wanawake wa Kitatari walizishona kwenye kofia na mikufu, na akche yenye tundu inashuka bei tu, haishuki ukweli. Neno "adimu" kwenye tangazo lipuuze mpaka usome mwenyewe. Ukiona "Ret." na nambari, muuzaji anarejea katalogi ya Otto Retowski iliyotoka Moscow mwaka 1905, na wewe linganisha picha, maana wengine hubandika nambari ya kwanza inayokaribia.

Kadi ya bahasha

Tumia bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Plastiki laini inayonukia hutoa mvuke unaoigeuza fedha kijani. Andika kwa penseli, hivi:

Ukhani wa Krimea. Islam Giray III bin Selamet Giray, 1644–1654. Akche, Bakhchysarai, 1054 (mwaka wa kukalia kiti). Uzito, kipenyo. Kinachosomeka: "...lam Giray Khan", "Selamet Gi...", tamga nzima, mji nusu ya chini, mwaka "..54". Aliyeuza, tarehe, bei.

Hicho kipengele cha kinachosomeka usikiruke. Andika ulichokiona kwa macho, vipande vikiwa vipande, tofauti na ulichokikamilisha kwa kichwa. Ukipata akche nyingine iliyopigwa kwa chapa ileile lakini ikaangukia upande wa pili, utaviunganisha vipande hivyo na kuyapata maneno yote ya chapa.